Kamati ya Himalaya, Ghorofa ya Kumi na Mbili

Wiki iliyopita walikuja wanaume wawili na ndoo ya maji ya sabuni, wakabandua tangazo la takataka lililokuwa ukutani kwenye ngazi za ghorofa ya tano. Lilikaa pale miaka mingi hadi rangi yake ikageuka kama chai ya maziwa. Nilikuwa napanda kutoka shule, lifti ikiwa imelala kama desturi yake, nikawakuta wakilikwangua kwa kisu kipana. Nikasimama. Mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Mimi ni mtu wa kutikisa kichwa, kwa hiyo nilitikisa kichwa nikapita. Lakini nilipofika juu nilichomoa daftari la kijani chini ya kitanda, lile ambalo hadi leo linanuka kitunguu saumu, nikakaa nalo sakafuni mpaka Mama akaniita mara ya tatu.

Nina miaka kumi na tano. Najua mtu wa umri huu akisema "zamani nilipokuwa mtoto" watu wazima hucheka. Ninyi wa rika langu hamtacheka. Mnajua kwamba kati ya miaka kumi na kumi na tano kuna safari ndefu kuliko ile ya kati ya arobaini na hamsini.

Basi, nilikuwa na miaka kumi. Kiwanda cha magari kule Longbridge, upande wa pili wa mji wetu huku ughaibuni, kilikuwa kimefungwa, na Baba alikuwa amerudi nyumbani na jaketi lake la kazi, sanduku la spana na kikombe. Miaka kumi na moja alikuwa akipachika milango kwenye magari mapya. Sasa alivaa lile jaketi ndani ya nyumba, akakaa dirishani kuangalia maghala na mapipa ya gesi ya mtaa wetu wa Nechells. Hakuwa mkali. Alikuwa kimya tu, na nyumba yetu tayari ilikuwa na mtu mmoja wa kukaa kimya, ambaye ni mimi. Wawili tulikuwa wengi. Mama, ambaye ni muuguzi, alikuwa akirudi kutoka hospitali na kuongea kwa niaba ya watu watatu.

Ndipo Jumamosi moja Babu Gurdip akagonga mlango.

Babu Gurdip alikaa ghorofa ya tatu. Si babu yangu wa damu. Alikuwa Kalasinga wa Kisumu, mwenyewe alijiita hivyo, mwenye kilemba cha bluu na ndevu nyeupe, aliyestaafu kutoka kiwanda kilekile kabla hakijafungwa. Kiswahili chake kilikuwa cha gereji za Kisumu za zamani: kila kitu "iko", na kila kitu "hii". Mke wake alikuwa amefariki kabla sijazaliwa. Siku hiyo alikuwa ameshika bomba refu la karatasi kwapani, na alikuwa anahema.

"Fundi iko?" akamuuliza Mama.

"Yuko dirishani, Mzee."

"Mwambie toke. Hiyo dirisha haina kitu. Mimi naleta dirisha ingine."

Akalikunjua lile bomba juu ya meza ya jikoni, akaweka kikombe kila kona. Ilikuwa ramani. Sijawahi kuona ramani yenye rangi ya kahawia nyingi vile, mikunjo juu ya mikunjo kama shuka ambalo halijapigwa pasi, na katikati ya mikunjo mistari myembamba ya mito na barabara. Milima ya Himalaya, akasema. Akaeleza kwamba baba yake, alipokuwa akishona ngozi za viti vya magari pale Kisumu, alikuwa akimsimulia jinsi asubuhi baada ya mvua, ukipanda juu ya paa la nyumba yao ya Punjabi, unaona theluji mbali kama kamba ya kuanikia nguo nyeupe. Alimwahidi kumpeleka huko juu, kwenye mabonde ya nyuma ya ile theluji. Alikufa akiwa bado anaahidi.

"Mpwa yangu kule Chandigarh iko na gari ya jipu," Babu akasema. "Imelala tu. Mpwa anaendesha kama nzi, siwezi kufa na yeye. Nataka dereva."

Baba alisogea. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja mwekundu uliokuwa ukipanda kwa kujipinda, akaufuata polepole.

"Hii ni lami?" akauliza.

Mama, aliyekuwa akiosha vyombo, alifunga bomba la maji. Nadhani hilo lilikuwa swali la kwanza la Baba tangu majani yaanze kudondoka.

Sasa, Mkenya hapangi jambo peke yake. Harusi ina kamati, mazishi yana kamati, mtoto akienda chuo kuna kamati, na hata kamati ikishindwa inaundiwa kamati. Chai haijapoa Babu alikuwa Mwenyekiti, Baba alikuwa Afisa wa Magari na Barabara. Mweka hazina hawakumweka. Babu alisema kamati zote alizoziona zikifa ziliuawa na mweka hazina.

"Na katibu?" Baba akauliza.

Wote wawili wakanigeukia pale nilipokuwa nimejibanza kati ya friji na ukuta.

"Huyu," Babu akasema. "Haongei. Hatakatiza mtu."

Hivyo ndivyo nilivyopewa daftari la kijani. Babu aliagiza liandikwe Kiswahili, maana Kipunjabi Baba hakijui, na Kiingereza, alisema, ni lugha ya barua za kulalamikia lifti. Hapo ndipo kazi. Mimi, kama watoto wote wa majumba yetu, nilikisikia Kiswahili chote lakini nilijibu kwa Kiingereza. Nilikuwa sijawahi kukiandika. Mama akitoka kazini alikuwa akivua viatu, ananyoosha miguu kwenye kiti, anasahihisha kwa kalamu nyekundu huku macho yakimfumba. Nikagundua kitu ambacho sikumwambia mtu: kwenye karatasi, kwa lugha ile, sikuwa na haya. Ndiyo sababu hata shajara yangu ni ya Kiswahili mpaka sasa.

Kila kikao kilikuwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Kwanza naandika waliohudhuria. Kisha Babu anasema, "Kikao iko wazi." Kisha nasukuma daftari mbele yake, anasaini ya Jumamosi iliyopita bila kuisoma, kwa sababu miwani yake daima ilikuwa ghorofa ya tatu.

"Kwa nini anasaini?" nilimuuliza Baba siku ya kwanza, kwa Kiingereza, kwa kunong'ona.

"Ndiyo sheria," Baba akasema. "Kikishaandikwa na kusainiwa, kimepita. Hakuna wa kukitoa."

Alimaanisha utaratibu wa kamati. Mimi nilielewa kitu kingine kabisa. Nilielewa kwamba daftari linafanya mambo yatokee. Nikalijaribu. Kwenye kikao cha pili niliandika chini kabisa, kwa herufi ndogo: *Chai ya kamati iwe na tangawizi.* Babu akasaini. Jumamosi iliyofuata Mama akaweka chai mezani, nikainusa kabla hata haijafika. Tangawizi. Leo najua Mama alikuwa na mafua. Lakini siku ile nililitazama lile daftari kama mtu aliyegundua kwamba amelala miezi juu ya simba.

Kamati ilikuwa na barabara mbili za kuchagua, na mambo yote yaligota hapo. Zote zilifika kijiji kimoja kiitwacho Kaza, kwenye bonde la Spiti, mahali penye hewa nyepesi na milima isiyo na mti hata mmoja. Barabara ya Baba ilipitia Manali. Fupi, kali, inapanda moja kwa moja hadi kwenye mapito ya juu ambako matingatinga hukata theluji, na magari hupita katikati ya kuta nyeupe. Baba ni mtu wa Nanyuki. Alikua akiutazama Mlima Kenya kila asubuhi akienda shule, na hakuwahi kuupanda hata hatua moja. Nadhani alitaka ule ukuta mweupe pande zote mbili za kioo. Barabara ya Babu ilianzia Shimla, ikafuata mto kwa siku nyingi, kijiji baada ya kijiji, ikipanda kidogo na kulala, ikipanda kidogo na kulala.

"Hiyo ni barabara ya msafara wa harusi," Baba alisema.

"Harusi inafika," Babu akajibu. "Wewe nafika na kichwa inapasuka. Mwili lazima izoee."

Wakapiga kura. Moja kwa moja. Jumamosi iliyofuata wakapiga tena. Moja kwa moja. Katibu hana kura. Nina kurasa tano za daftari ambamo kura ni moja kwa moja.

Wakati huohuo wakaanza mazoezi. Babu alisema watu wa mabonde yale hula kitunguu saumu ili damu isiwe nzito kule juu, basi wakawa wanatafuna vibichi, punje moja asubuhi na moja jioni. Baba alinuka hadi Mama akahamia chumbani kwangu, akiwa na mto wake na saa yake ya kengele. "Mwambie Afisa wa Barabara," aliniambia gizani, "kwamba mke wake amefunga njia mpaka theluji iyeyuke." Alikuwa anacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka gizani kwa muda mrefu, nikanyamaza ili asiache.

Na ngazi. Jengo letu lina ghorofa kumi na mbili na sisi tuko juu kabisa, kwa hiyo wakaamua kila siku wapande kutoka chini hadi juu bila lifti, na hata siku ambazo lifti ilifanya kazi waliipita kama hawaijui. Nikaandika kwa penseli, ukutani, majina ya vituo. Mlangoni kwa Babu ni Shimla. Mlangoni kwetu ni Kaza. Baba alikwenda mbele akiruka ngazi mbilimbili, jaketi la kazi kiunoni. Babu alikuja nyuma, nami nyuma yake na daftari.

Ghorofa ya tano, Babu alisimama kusoma tangazo.

Lilikuwa tangazo la takataka: mifuko ifungwe, vioo vitengwe, magodoro yasiachwe ngazini. Babu alisimama mbele yake, mkono mmoja ukutani, akalisoma. Alilisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwemo. Kilemba chake kilikuwa kikipanda na kushuka. Kisha akasema, "Bas," tukaendelea. Kesho yake akalisoma tena. Na kesho kutwa. Mtu wa haya huona mambo, maana macho yake hayana kazi nyingine. Siku ya tatu niliona kwamba hana miwani.

Baba akapiga kelele kutoka juu, "Mzee, mko wapi?"

"Iko tangazo hapa," Babu akajibu. Kisha akanitazama. Hakuniambia nisiseme. Nilifungua daftari nikaandika, mbele yake: *Mwenyekiti alisimama kusoma tangazo.* Akaangalia kalamu ikitembea, akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesomewa hati iliyo sawa.

Sasa nije kwenye tairi.

Nilitaka kwenda. Sijui niseme vipi ieleweke jinsi nilivyotaka. Nilikuwa nalala bila mto ili nizoee hewa nyepesi, kwa sababu niliamini kwamba kule juu hewa ni nusu na mtu hupumua mara mbili kwa zamu moja. Babu alikuwa amesema mapito ya milima ni mageti, nami nikawa na hakika kuna askari pale anayeuliza jina, na nilifanya mazoezi ya kulitamka jina langu kwa sauti mbele ya kioo. Lakini hakuna aliyeniuliza kama nataka, na mimi kumwomba mtu kitu kwa mdomo ni kama kuombwa niimbe uchi kwenye kituo cha mabasi. Na jipu la mpwa lilikuwa limeshajaa. Mbele Baba na Babu. Nyuma mizigo, madumu ya petroli, tairi la akiba, na tairi la pili la akiba. Baba hakukubali kukaribia mapito yale bila matairi mawili. Tairi la pili lilikuwa limekaa kwenye kiti changu. Nilimchukia yule tairi kama mtu anavyomchukia binamu anayependwa na bibi.

Kikao cha sita, nikafanya nililofanya. Chini ya kura ya moja kwa moja nikaandika kwa mwandiko wangu bora: *Kamati ilikubaliana kwamba Katibu atasafiri, na atakaa kiti cha nyuma.* Jumamosi iliyofuata nikasukuma daftari mbele ya Babu. Akasaini, akaomba sukari.

Imepita, nikajua. Hakuna wa kukitoa.

Ninyi mtaona ni udanganyifu. Mimi naapa sikuhisi hivyo. Nilihisi kama mtu aliyeomba na akasikilizwa. Niliishi majuma matatu ya furaha tupu. Nilikula kitunguu saumu kwa hiari. Shuleni, nikiwa nimejaa ujasiri huo, nilimwambia mwalimu wangu kwamba mwishoni mwa Mei nitaongeza wiki moja juu ya likizo, maana nakwenda Himalaya na kamati. Nadhani ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusikia kutoka kwangu.

Ikaja jioni ya wazazi. Mama alirudi akiwa bado na koti mwilini, akasimama katikati ya jikoni.

"Mwalimu wako ameniuliza kama nimekununulia miwani ya theluji."

Baba akaacha kutafuna.

"Nikamuuliza theluji gani. Akaniambia nimpelekee barua ya ruhusa. Nikasema ndiyo, ndiyo, huku sijui nasema ndiyo kwa nini." Akanigeukia. "Nani alikubali uende?"

Nilileta daftari, nikafungua, nikaweka kidole chini ya mstari, kisha nikakisogeza kwenye saini ya Babu.

Mama akasoma. Akatazama dari. "Bwana Afisa wa Barabara, njoo usome sheria zako."

Baba akasoma akiwa amesimama, punje ya kitunguu ikiwa shavuni. Akasoma tena. "Mzee amesaini," akasema.

"Amesaini bila kusoma."

"Lakini amesaini."

"Wewe unaniambia mimi kwamba mtoto wa miaka kumi atapanda huko kwa sababu mzee asiye na miwani ameandika jina lake?"

Baba alifungua mdomo, akaona heri aimeze ile punje kwanza. Nami ndipo, kwa mara ya kwanza, nikaona uso wa Mama na kuelewa kwamba lile daftari halikuwa na nguvu yoyote. Lilikuwa karatasi. Masikio yangu yakawaka. Nilikwenda kujifungia bafuni, nikawasha maji yatiririke ili nisisikie wakicheka. Hawakucheka.

Kikao cha dharura kiliitwa Jumapili baada ya kanisa. Waliohudhuria: Mwenyekiti, Afisa, Katibu, na Mama wa Katibu kama mgeni mwalikwa, akiwa na gauni lake la kitenge na mikono imekunjwa. Babu alikuja na miwani. Alisoma ule mstari kwa muda wake. Midomo ilimtingishika chini ya ndevu lakini hakuiachia.

"Hii imesainiwa," akasema. "Siwezi kuondoa. Lakini kitu moja iko kasoro. Hoja lazima iko na mtu aliyetoa, na mtu wa kuunga mkono. Hapa haijaandikwa. Nani alitoa hoja hii?"

Birika lilikuwa linaanza kuvuma. Nje, chini kabisa, gari lilikuwa linarudi nyuma kwa mlio wake wa pii, pii. Nilitazama ramani. Chai iliyomwagika mwezi uliopita ilikuwa imekauka juu ya Kaza, doa la duara, na mimi kwa wiki mbili nililidhani ni ziwa, hata nililiandika.

"Kama hakuna mtu," Babu akasema taratibu, "nafuta."

"Ni mimi."

Nilisema kwa Kiswahili. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu daftari lilikuwa wazi mbele yangu.

"Mimi nani? Kikao haijui mimi."

"Katibu."

"Toa sababu, Katibu. Sauti ifike hapa."

Nilikuwa na sababu mia, na zote zilikimbia. Iliyobaki ilikuwa hii: "Mkienda bila mtu wa kuandika, mkirudi mtabishana mlipita wapi. Itakuwa moja kwa moja mpaka mfe."

Mama ndiye aliyecheka wa kwanza. Alijizuia kwa kiganja, ikashindikana, akainama mpaka kilemba chake cha kitenge kikagusa meza. Baba akafuata. Alipoinua uso Mama alikuwa anafuta macho.

"Naunga mkono," akasema.

Baba akamtazama kama amesikia lifti ikiongea.

"Kwa sharti," Mama akasema, kidole juu. "Mimi nawaona watu wasiopata hewa kila siku kazini. Mtoto huyu hapandishwi kwa haraka. Mkienda njia ya huyu Mzee, ya kulala na kupanda, aende, Mei, nitaandika hiyo barua. Mkienda njia ya Manali, anabaki na mimi na tairi lenu liende salama."

"Mei Manali bado imefungwa," Babu akasema. "Mpaka Juni hivi."

"Basi mnajua wenyewe."

Babu akaweka miwani mezani. "Sasa Katibu ni msafiri kwa hoja, si katibu tu. Msafiri iko na kura. Tunapiga. Manali?"

Baba akainua mkono. Aliinua bila kunitazama, akitazama ramani, ule mstari mwekundu aliouwekea kidole siku ya kwanza. Mkono haukuwa wa ubishi. Ulikuwa mkono wa mtu anayependa kitu.

"Shimla?"

Babu akainua wake.

Wakaningoja. Na hapa nataka niseme ukweli, kwa sababu nimechoka kuubeba. Wote walidhani ninachopigia kura ni kiti. Kilikuwa kiti. Nilikitaka hadi meno yaliniuma. Lakini nilipotaka kuinua mkono nilimwona Babu pale mbele ya tangazo, mkono ukutani, anasoma bila miwani, na nikajua kwamba kwa njia ya Baba asingefika, na asingesema. Angekaa kiti cha mbele akisifu theluji mpaka pumzi imwishie. Hata hivyo yule aliyekuwa anaangalia ramani alikuwa baba yangu, na kwa miezi ile yote alikuwa ameanza kula, kuongea, kuimba bafuni, kwa ajili ya ule mstari mmoja. Hadi leo sijui mkono wangu uliinuliwa na nini, kiti au tangazo.

Uliinuka.

"Mbili kwa moja," Babu akasema. Hakuonyesha kushangilia.

Baba akaitazama ramani kidogo zaidi. Kisha akachukua penseli yangu, akavuta karatasi ya orodha ya mizigo, akakata kitu kimoja kwa mstari. Lilikuwa tairi la pili.

"Kamati imeamua," akasema. "Msafara wa harusi. Katibu, andika, halafu nenda kanywe maji, unavuja jasho kama umepanda ngazi zote."

Jioni ileile nilimsindikiza Babu kushuka. Kushuka hakumsumbui mtu, lakini ghorofa ya tano alisimama.

"Hii tangazo iko ndefu," akasema.

"Ndiyo, Babu."

"Leo kwenye kikao hukuitaja."

"Haikuwa kwenye ajenda."

Akacheka mpaka akashika reli. "Katibu mzuri," akasema, "ni ile inajua kitu gani haiandikwi."

Tulienda. Mwisho wa Mei, asubuhi ya mvua, tulipanda basi la uwanja wa ndege pale stendi ya Digbeth, Mama akiwa amesimama chini ya mwavuli ameshika kitunguu saumu kizima ambacho Baba alikisahau, akikitikisa juu kama mkono wa kwaheri. Hayo ya ndani ya safari yana daftari lake, la bluu, na si ya leo. Nitasema moja tu.

Siku ya tisa, tukiwa tumeshalala katika vijiji sita na tumezoea kutembea kama vinyonga, jipu lilisimama kwenye kona ya juu kuliko zote tulizofika. Hapakuwa na geti wala askari. Palikuwa na upepo, vitambaa vya rangi vimefungwa kwenye kamba, na theluji ng'ambo ya bonde, nyingi, karibu, nyeupe kiasi cha kuumiza macho. Baba alishuka akaenda mbele peke yake hadi ukingoni, mikono mifukoni mwa lile jaketi la kazi, akasimama kimya. Ulikuwa ukimya mwingine kabisa. Huu nilitamani asiuache.

Babu alishuka polepole. Alitembea hatua kama kumi, kisha akasimama mbele ya kibao cha njano cha wajenzi wa barabara, akaweka mkono kwenye nguzo yake. Kilemba kilikuwa kinapanda na kushuka.

"Mzee," Baba akaita kutoka mbele, "njoo uone. Kuna nini hapo?"

"Iko tangazo," Babu akajibu.

Nikamfikia. Miwani yake ilikuwa ndani ya gari. Nikasimama kando yake na kuanza kumsomea kile kibao, neno kwa neno, polepole sana: jina la mahali, urefu kutoka usawa wa bahari, onyo kuhusu kona. Nilipomaliza nikaanza tena kutoka mwanzo, kwa sauti, mbele ya milima yote ile. Mara ya tatu akasema, "Bas," tukaenda kwa Baba.

Usiku huo sikuhitaji kumwuliza mtu namna ya kuandika. Daftari la bluu, ukurasa wa tisa, mwandiko wangu bora: *Mwenyekiti alisimama kusoma tangazo. Katibu alisimama naye.*